Masikio ya Chiriku

Chumba cha dawa cha kambi ile kilikuwa stoo ya viti kabla hakijageuzwa zahanati. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, kabati la kioo lenye kufuli, jokofu dogo lililonguruma kama paka mwenye mafua, na dirisha lililotazama bwawa. Humo ndimo muuguzi mmoja mstaafu wa wodi ya watoto alimopokea wagonjwa wake kila likizo ndefu. Watoto walimwita Sista, na wafanyakazi nao wakafuata, hata mkuu wa kambi, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu jasho. Miiba miguuni, magoti yaliyochubuka, matumbo yaliyovurugwa na pipi zilizofichwa chini ya godoro. Kulikuwa na yule mmoja aliyekuja kila asubuhi na shuka kaikunja kwapani, akidai amemwagikiwa na chai.

"Chai ya saa ngapi hiyo, mwanangu?" Sista humuuliza, kisha humpa shuka nyingine bila kungoja jibu.

Chiriku alikuja na kundi la pili. Jina hilo alibandikwa na wenzake siku ileile ya kwanza, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa msichana mwembamba, miguu kama njiti za kiberiti, sweta limemzidi mikono. Alipofika zamu yake ya kupimwa uzito alikuwa akimsimulia mwenzake wa nyuma habari za mbuzi aliyekula daftari la mwalimu. Sista akamshusha kope kwa kidole gumba. Weupe wa jicho ulikuwa na umanjano. Akamtazama ufizi, akamtazama kucha. Vyote vilikuwa vimepauka.

"Huwa unaumwa mifupa?"

Chiriku akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke garini.

"Hapana, Sista."

"Hata kidogo? Kukiwa na baridi?"

"Mama amesema nisiseme."

Sista akamwambia akavae viatu. Foleni ilipokwisha, akafunga mlango, akampigia simu mama wa mtoto.

Mwanzoni yule mama aliruka kimanga. Mtoto wake mzima, hajawahi hata kupiga chafya. Sista hakumbishia. Alikaa kimya na simu sikioni, kama alivyozoea kukaa na wazazi kule wodini, mpaka sauti ya upande wa pili ikavunjika.

"Ana selimundu," mama akasema. "Tangu mchanga. Nisikilize, Sista, nakuomba. Shuleni walimkatalia safari. Kwaya walimtoa. Kila mlango nikibisha na ukweli mkononi, unafungwa. Likizo zote yuko dirishani anatazama wenzake wakicheza. Safari hii nikasema ninyamaze tu, nione. Ukimwambia mkuu wako, kesho atampakia garini. Huo si uongo, unajua."

Haukuwa uongo. Mwaka uliotangulia mkuu alimrudisha kwao mtoto mwenye kifafa, hata kifungua kinywa hakumaliza. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kesi kuliko alivyoogopa simba.

Sista alizijua damu za namna hiyo. Mtoto akishikwa na baridi, au kiu, au uchovu, chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa, na maumivu yake ni ya kumfanya mtu mzima ajing'ate mkono. Aliwaona wodini watoto waliojua majina ya dawa kabla ya kujua kusoma, waliozijua nyufa za dari kuliko wanavyozijua njia za mtaani kwao. Huyu angalau alikuwa amefika mahali penye nyasi.

"Dawa zake ziko wapi?"

"Nimezishonea kwenye pindo la blanketi lake."

"Basi nitamwangalia mwenyewe," Sista akasema. "Atakunywa dawa zake hapa kwangu. Lakini bwawani haingii. Maji yake yanatoka mlimani, yana baridi ya kukata."

Mama alimshukuru mpaka Sista akaona haya.

Sasa ilibidi ipatikane sababu ya kumzuia mtoto kuogelea. Sista alimfuata kocha wa michezo, kijana mrefu aliyependwa na watoto kwa vile aliwaruhusu kumpanda mgongoni wanne kwa mpigo.

"Yule Chiriku ana usaha masikioni. Asiingie majini mpaka nikwambie."

"Sawa, Sista. Masikio si mchezo. Langu hili lilitoboka nikiwa mdogo, mpaka leo mke wangu ananipigia kelele kwa upande mmoja tu."

Wakacheka wote wawili. Uongo ulikuwa mwepesi, haukumkwaruza Sista hata kooni.

Siku zilizofuata zilikuwa njema, na hilo Sista alikuja kulikumbuka kwa uchungu kuliko mengine yote. Chiriku alitembea na chupa ya maji shingoni kama kengele. Asubuhi alikuja kumeza vidonge vyake, na vidonge vikishashuka bado angebaki, akapanga bandeji kwa ukubwa, akatoa hukumu juu ya kila mgonjwa aliyeingia. Alijifunza kufuma vikapu. Aliimba mbele ya kambi nzima, sauti ikaenda kombo, akapigiwa makofi. Ila saa ya kuogelea ilipofika, alikaa ukingoni na sweta lake, magoti kidevuni, na hakuongea na mtu.

"Sista, masikio yangu yatapona lini?" alimuuliza siku moja.

"Huumwi masikio, mwanangu. Unajua."

"Basi mwambie kocha yamepona."

"Haiwezekani."

Chiriku akafikiri. "Wewe na mama mnasema uongo, hakuna anayewagombeza."

Sista akampa bandeji nyingine apange.

Ilikuwa siku ya mashindano ya kuogelea pale mtoto mmoja alipoteleza kwenye ngazi za kamba akavunjika mkono. Mfupa ulionekana umepinda chini ya ngozi. Sista alimfunga kipande cha ubao, akaingia naye kwenye gari la kambi, wakateremka hospitali ya mjini. Kule wakakuta foleni, wakangoja picha, wakangoja plasta. Alipomkumbuka Chiriku alijiambia kwamba kocha ameshaonywa.

Waliporudi jua lilikuwa bado juu kidogo ya mlima. Mlezi wa bweni la wasichana alikuwa amesimama getini, mikono kaikunja tumboni.

"Kuna mmoja anatetemeka, Sista. Nadhani ni baridi ya maji tu. Nimempa chai."

"Nani?"

"Chiriku."

Sista alikimbilia bwenini, akamkuta mtoto kajikunja kitandani chini ya mablanketi matatu, midomo imekauka, macho makubwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika paja na mwingine umeshika kifua. Pumzi zake zilikuwa fupi fupi, kama za mtu aliyekimbizwa.

"Niliogelea, Sista," akasema. "Nilifika ng'ambo. Sikuwa wa mwisho."

"Nyamaza, mama. Usiongee."

"Nilimwambia kocha wewe umesema yamepona."

Sista alimbeba mwenyewe mpaka garini. Njia nzima alimshika kifuani pake, akimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa, na kila gari lilipotua shimoni mtoto aliguna kwa sauti ndogo ambayo si ya kitoto. Hospitalini walimpokea upesi, wakamweka kwenye oksijeni, wakatafuta damu. Daktari alimsikiliza kifua, akamtazama Sista juu ya miwani. Hakuwa na haja ya kusema. Ugonjwa ulikuwa umeshahamia mapafuni.

Mama alifika kesho yake asubuhi, amevaa viatu visivyofanana. Chiriku alimtambua. Alimwambia habari za bwawa, maneno mawili, pumziko, maneno mawili. Mama akawa anaitikia, "Kweli? Ukafika? Mwanangu mwenyewe huyo." Mchana, mama akiwa amemshika nyayo ili zisipoe, mtoto alikata roho.

Mkuu wa kambi aliwaita ofisini kwake kabla maziko hayajapangwa. Kulikuwa na askari mmoja mezani, kocha kwenye kiti cha peke yake, na viti viwili vya Sista na mama yake Chiriku. Kule nje kwenye ukumbi, kabla hawajaingia, mama alikuwa amemshika Sista kiwiko.

"Tusiseme," alinong'ona. "Baba yake hakujua kama nilificha. Alidhani nimewaeleza. Akijua, yeye na ndugu zake watasema nimemuua mtoto. Waache waamini ni maji tu. Nimebaki na nini tena, Sista?"

Sista akausukuma mlango, bila ndiyo wala hapana.

Mkuu aliongea taratibu, uso wake umesinyaa. "Kocha. Uliambiwa mtoto huyu asiingie majini. Hilo unalikubali?"

"Nalikubali." Kocha alikuwa anatazama mikono yake. "Niliambiwa ana usaha masikioni. Akaja akasema Sista amesema yamepona. Nikayamulika kwa tochi ya simu. Yalikuwa makavu, mzee. Alinililia. Nikaona huruma."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi umemuua mtoto wa watu kwa huruma yako."

Kocha hakujitetea. Machozi yalimdondoka kwenye magoti ya suruali yake ya michezo. Askari akavuta karatasi karibu, na Sista akaona jinsi jambo lote lingeingia humo na kukaa sawasawa, na jinsi kijana huyu angelibeba maisha yake yote, bila kujua amebeba nini.

"Hakuwa na usaha," Sista akasema.

Wote wakamgeukia, isipokuwa mama.

"Masikio yake yalikuwa mazima tangu mwanzo. Alikuwa na selimundu. Nilijua tangu siku aliyofika. Mama yake aliniomba nimfichie, nikakubali, nikamdanganya kocha. Angejua ukweli asingemwacha hata alowe miguu. Kosa ni langu."

Mama aliinua uso taratibu. Hapakuwa na hasira usoni pale, na Sista angeipokea hasira kwa mikono miwili.

"Nilikuamini," mama akasema. Akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Mambo yakaenda kama yalivyotarajiwa. Kambi ilifungwa, wazazi wakaja kuwachukua watoto wao mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Sista alinyang'anywa leseni. Alikwenda maziko akasimama nyuma kabisa, na shangazi wa marehemu akamfuata pale pale kumwambia aondoke. Alisikia baadaye kwamba mama yake Chiriku amerudi kwa wazazi wake. Alimtumia ujumbe mara kadhaa. Haukujibiwa hata mmoja.

Kocha alikuja kumtembelea nyumbani mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda. Kazi ya michezo ameiacha, alisema. Sasa anapakia mizigo kwenye ghala la saruji, kazi isiyo na watoto. Sista alimkaribisha ndani, akamtilia chai. Walikaa muda mrefu wakizungumzia paa linalovuja na mke wa kocha aliyekuwa mjamzito.

"Sikuja kukulaumu," kocha akasema mwishowe, akizungusha kikombe. "Ulisema mbele ya askari, wangapi wangesema? Nakushukuru kwa hilo. Ila najiuliza tu. Mimi ungeniambia, ningemwambia nani?"

"Hakuna," Sista akasema. "Usingemwambia mtu."

"Ningekaa naye pale ukingoni. Ningemtafutia kazi, ashike saa, ahukumu mashindano. Angependa, yule."

"Angependa sana."

Kocha akanyanyuka, akavaa kofia yake, akamuaga kwa heshima kama mtoto anavyomuaga mama yake. Sista alimsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi kukaa, chai ikapoa mbele yake.