Taa ya Ena

Kutoka geti la Rawle Quashie hadi barabara kuu kulikuwa na mashimo thelathini na moja, na Rawle aliyajua yote kama mtu anavyojua meno yake. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alimpeleka mkewe Ena mjini San Fernando, kwenye kliniki ambako mashine ilimsafisha damu kwa saa nne, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimestaafu kabla yake. Kiti chake kilikuwa cha saa moja asubuhi. Ukichelewa, anakaa mwingine, na waliokisubiri walikuwa wengi. Kwa hiyo Rawle aliiendesha Nissan yake ya kijivu roho ikiwa juu, na Ena, aliyekaa kushoto bila mkanda, akamsomea njia.

"Kulia. Kulia tena. Haya, sasa taratibu, hilo la kwa Sookdeo limekua."

"Naliona."

"Unaliona na unaliendea."

"Funga mkanda, Ena."

"Mkanda unanibana tumbo. Wewe endesha."

Taa ndogo ya mkanda iliwaka ikazimika, ikawaka tena, ikilia ti, ti, ti mpaka San Fernando. Waligombana juu ya mlio huo mwaka mzima, na hakuna aliyeshinda.

Kijiji chao, Mon Espoir, kiko hatua chache kutoka ziwa la lami ya asili. Lami inachimbwa pale, inapakiwa melini, inakwenda kulainisha barabara za watu ng'ambo. Kinyozi hajinyoi, walisema watu wa Mon Espoir, wakanunua tairi nyingine.

Jumatatu moja ya msimu wa mvua, shimo la mbele ya duka la Sookdeo lilijaa maji likajifanya dimbwi. Gurudumu la mbele kushoto likatumbukia lote. Ena alishika dashibodi kwa mikono miwili. Usukani ukaanza kuvuta kushoto, na taa tatu zikawaka. Ya kwanza ilikuwa ya upepo wa tairi. Ya pili, ya injini. Ya tatu Rawle hakuijua. Ilikuwa ya njano, umbo la mwanamke ameketi, mkono mmoja kiunoni, kilemba kichwani.

Ena aliinama akaitazama vizuri.

"Ni mimi hiyo," akasema. "Hata kilemba ni changu."

"Cha Jumapili," akasema Rawle.

"Cha Jumapili. Twende, tutachelewa."

Walifika zikiwa zimebaki dakika tatu, tairi likinuka mpira ulioungua.

Mchana, wakirudi, walipitia kwa Deo Ramsaroop, fundi wa tairi, ambaye huwa ananyoosha rimu kwa nyundo juu ya kipande cha reli ya zamani. Deo aliwaona kwa mbali akacheka.

"Mjomba Rawle! Nikutandikie kitanda hapa hapa?"

"Tazama gurudumu, acha maneno."

Deo akatazama. Rimu imepinda, shokapu inavuja, usukani unataka kupimwa upya. Kisha akaingiza kichwa ndani ya gari, akaiona taa ya tatu.

"Shangazi Ena, umetoka vizuri."

"Wamenipa kiuno nisichokuwa nacho."

Taa ya injini Deo aliitibu kama anavyotibiwa kila mgonjwa wa namna hiyo Mon Espoir: alikata kipande cha tepu nyeusi akakibandika juu yake. Hakuna gari kijijini lisilokuwa na tepu hiyo, na wengi waliamini ndiyo dawa yenyewe. Akakata kipande cha pili.

"Na hii?"

"Usinizibe, Deo," akasema Ena. "Niache nione ninakoelekea."

Ndani ya droo ya gari kulikuwa na kitabu cha maelekezo kilichokuja nalo kutoka Japani, chote kwa Kijapani, na hakuna aliyewahi kukifungua. Deo alikifungua. Ukurasa mmoja tu, wa mia mbili na kumi na mbili, uliandikwa kwa lugha waliyoijua. Akausoma kwa sauti, kidole chenye grisi kikifuata mistari. Taa ya mke. Ikiwa ya njano, punguza mwendo, mhudumie mapema. Ikiwa nyekundu, simama mahali salama, uzime injini.

"Magari ya siku hizi yana vihisi vingi," Deo akaeleza. Gari la muuza mikate, baada ya kuingia shimo lile lile, liliwasha taa ya paa la nyumba yake, na kweli paa lilikuwa linavuja. La mwalimu Phillip liliwasha taa ya mama yake aliyeko Toronto.

Tangu siku hiyo Rawle hakuwa na raha. Aliogopa, na hakumficha mtu. Alikuwa akikoroga wali wa mbaazi jikoni, anaacha mwiko, anatoka uani kuwasha gari ili aitazame taa. Ya njano. Anarudi, anakoroga, anatoka tena. Bado ya njano. Wali ukaungua mara mbili wiki hiyo, na Ena akasema kama atakufa, basi ni kwa mapishi yale.

Rawle alikwenda ofisi ya barabara mara tatu. Walimwambia shimo halimo kwenye orodha, lakini atakuja mtu kulitazama. Mtu hakuja. Ndipo Rawle akafanya wanavyofanya watu wa huko shimo linapowashinda: akapanda mgomba ndani yake. Dereva auone kwa mbali, na wenye ofisi waone haya. Alichukua chipukizi uani kwa Sookdeo, akalishindilia kwa mawe, akalifunga kitambaa chekundu. Majirani walipiga makofi na picha. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Rawle alikula akashiba.

Huenda ni joto la lami chini ya ardhi, huenda mgomba ulikuwa na sababu zake. Kufikia Alhamisi ulikuwa umefika paa la duka. Jumamosi ukatoa mkungu.

Jumanne iliyofuata akaja afisa mwenye kofia ngumu nyeupe na futi ya kupimia. Aliupima mgomba, akahesabu chane, akaandika.

"Nani kapanda?"

"Mimi," akasema Rawle haraka, akingoja kushukuriwa.

"Hongera sana. Hili ni shamba."

"Ni shimo, bwana."

"Lilikuwa shimo. Shimo lenye mazao ni shamba, na mashamba si yetu. Nenda idara ya kilimo."

"Basi tunaung'oa sasa hivi," akasema Sookdeo kutoka mlangoni mwa duka.

"Kung'oa mazao kwenye ardhi ya serikali ni kosa, mzee." Afisa alikata chane moja kama kielelezo, akaiweka kwenye gari lake, akaondoka akilizunguka shamba kwa adabu.

Rawle alirudi nyumbani amenywea. Alipomsimulia mkewe, Ena alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka arobaini nakuomba unilimie bustani, Rawle. Umeona uanzie barabarani."

Idara ya kilimo ilimpokea vizuri. Walimwambia mgomba wake una afya, wakampa mfuko wa mbolea.

Kisha uchaguzi ukakaribia, na mitambo ikaja Mon Espoir, kama inavyokuja kila uchaguzi ukikaribia. Kwa siku nne walimwaga lami moto nyeusi, wakaziba mashimo thelathini, wakaisawazisha barabara mpaka ikang'aa. Walipofika kwenye mgomba walikata lami kwa mstari ulionyooka, wakauacha, wakaanza tena ng'ambo yake. Karatasi yao ilionyesha shamba. Watu walifurahia barabara. Magari yaliyokuwa yakitambaa sasa yalikimbia, na shimo, ambalo kingo zake zilipanda kwa unene wa lami mpya, lilizidi kina.

Ijumaa ya wiki hiyo Ena aliamka miguu imevimba, anahema baada ya kila neno. Taa ilikuwa ya njano iliyokolea. Rawle aliendesha pole pole kwenye lami laini, na hilo likamtisha zaidi kuliko mashimo. Karibu na duka la Sookdeo gari la mikate lilitokea mbele yao kwa kasi. Rawle akalipisha kushoto. Hapakuwa na nafasi ya kutosha kati ya gari la mikate na mgomba, na gurudumu la kushoto likashuka kwenye ukingo. Safari hii hakusikia kishindo kile alichokizoea. Alisikia chuma kikipasuka.

Taa ya Ena ikawa nyekundu.

"Simama," akasema Ena. "Kitabu kinasema simama."

"Tukisimama tutachelewa."

"Gurudumu liko wapi, Rawle?"

Gurudumu lilikuwa limelala chini ya mgomba, rimu vipande viwili. Rawle akazima injini.

Deo alikuja mbio na jeki. Gurudumu la akiba lilikuwa lile lile lililopinda siku ya kwanza, bado halijanyooshwa, na ilibidi alinyooshe pale pale barabarani, akipiga nyundo huku akimwomba shangazi amsamehe kwa kelele. "Nilikwambia, mjomba," alisema akikaza nati, "usipoziba ufa utajenga ukuta." Kisha akaona uso wa Rawle, akarudi kwenye nati zake. Iliwachukua dakika hamsini.

Kliniki walifika saa mbili na robo. Kwenye kiti cha Ena alikaa baba mmoja mwembamba, mirija imeshaunganishwa, macho yamefumbwa. Muuguzi alimjua Ena kwa jina, na alisikitika kwa kweli.

"Siwezi kumtoa, mama. Mashine zote zina watu. Jumatatu saa moja kamili, nitakushikia mwenyewe." Akamgeukia Rawle. "Akizidiwa, baba, mpeleke hospitali, chumba cha dharura."

Jumamosi taa ilikuwa nyekundu, na kitabu kilisema simama. Ena hakutaka kulala kitandani, alisema kitanda kinamziba pumzi. Alikaa ndani ya gari lililoegeshwa uani, kiti kimelazwa nyuma, redio ikiimba, mlango wazi. Rawle alikaa upande wa usukani na kumpepea kwa kitabu cha maelekezo.

Jumapili mchana pumzi zilipungua zaidi. Rawle akasema wanakwenda dharura, kitabu kiseme kitakavyo.

"Niletee kilemba," akasema Ena. "Siendi kwa watu kichwa wazi."

"Ena, hakuna wakati."

"Kile cha Jumapili."

Aliingia ndani akakitafuta. Kilikuwa kimekunjwa vizuri kwenye droo ya pili. Akarudi mbio, akaketi, akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja. Akatazama dashibodi. Hapakuwa na nyekundu wala njano. Taa ya tairi ilikuwa imezimika. Akabandua tepu, na chini yake taa ya injini nayo ilikuwa imezimika. Gari halikuwa na tatizo lolote. Rawle alikumbatia kile kilemba akalia kwa sauti, akamlaumu mtu mmoja tu, yule aliyepanda mgomba.

Walimzika Alhamisi. Gari la jeneza lililizunguka shamba kwa uangalifu mkubwa, na bado likapinda rimu. Deo aliinyoosha bila malipo. Uchaguzi ukapita. Yule afisa alirudi na kibao kilichopakwa rangi vizuri, kinachokataza watu kukanyaga mazao, akakisimika ukingoni, na kwa kuwa mkungu wa pili ulikuwa umekomaa, akakata kielelezo kingine.

Jumatatu iliyofuata Rawle aliamka saa ile ile. Hakuwa na pa kwenda. Alivaa, akafungua geti, akawasha gari.

Ti, ti, ti.

Ilikuwa taa ya mkanda, kiti cha kushoto. Kiti kilikuwa bado kimelazwa nyuma kidogo, kama Ena alivyokiacha. Rawle alingoja, kama alivyongoja mwaka mzima.

"Funga mkanda, Ena."

Mlio ukaendelea. Hakutaka kugombana. Aliinama, akauvuta mkanda, akaulegeza mahali pa tumbo usije ukambana, akaufunga. Taa ikazimika. Akatazama saa, akaona kuwa wakiondoka sasa watawahi.

Barabara ilikuwa laini mpaka kwa Sookdeo. Alipolikaribia shamba alipunguza mwendo, akashika usukani kwa mikono miwili, akasubiri aambiwe kulia au kushoto.