Siku Mashemeji Walipopekuana

Duka la Mulwa pale sokoni Kalamba lilikuwa likiuza dawa kutoka kopo moja la majani chai, na vidonge vyote ndani yake vilikuwa vyeupe. Ukisema kichwa, unapewa viwili. Ukisema tumbo, unapewa viwili. Mzee Nthiwa alisema mgongo, akapewa viwili, akalala kuanzia Jumapili hadi Jumatatu jioni. Watoto wake walikuwa wameanza kupigiana simu.

Ng'ambo ya barabara, Kitheka, aliyemuoa dada ya Mulwa, alikuwa na kopo kama hilo.

Wote wawili walijua ni makosa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

"Nikiacha leo," Mulwa alituambia, "kesho watu wote wako kwa shemeji. Na mtu akienda kununua dawa, sukari ananunua huko huko. Mnataka nifunge duka?"

Sisi ni kikundi cha mwethya, tunalimiana kwa zamu. Mvua ilikuwa karibu, na mashamba ya hao wawili hayakuwa na mitaro ya kuzuia udongo. Katunge, mwenyekiti wetu, akakata maneno. Madukani zitabaki dawa za kawaida za maumivu tu, ziwe kwenye pakiti iliyofungwa na tarehe inasomeka. Zingine zote ziende zahanati zikachomwe.

"Na mtakaguana wenyewe," alisema. "Kopo likibaki kwa Mulwa ama kwa Kitheka, hakuna jembe litaenda kwa yeyote."

Mulwa akavuka barabara kabla Katunge hajamaliza kusema. Sijaona mtu akipekua duka kwa furaha namna hiyo. Aliinua magunia, akafungua hata masanduku ya mishumaa. Kasyoka, mke wa Kitheka, alisimama mlangoni akimwonyesha kaka yake kwa mdomo mahali pa kutafuta.

"Wewe ni mke wangu ama polisi?" Kitheka aliuliza.

"Mimi nataka mitaro."

"Shemeji, ni nini hii nyuma ya sabuni?" Mulwa alisema.

"Ya ng'ombe."

"Una ng'ombe?"

"Nitanunua."

Watu waliokuwa nje walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kisha ikawa zamu ya Kitheka. Alitoa vidonge vilivyofichwa kando ya dawa ya panya dukani kwa Mulwa, akaviinua juu ili soko lote lione.

Wanawake walibeba ndoo hadi zahanati wakiimba. Wiki hiyo tulichimba mashamba yote mawili, na sukari iliendelea kununuliwa pande zote za barabara.

Gharama ilikuwa hivi: ndoo mbili za dawa, siku mbili za jembe, mpini mmoja uliovunjika, kuku watatu wa Mulwa waliochinjiwa wachimbaji, na wanne wa Kitheka, kwa sababu alikataa kushindwa na shemeji.