Majina ya Wasikilizaji

Kila siku ya kazi, ilipofika saa kumi jioni, Verity Clegg alivua koti la dobi, akaliangika nyuma ya mlango, akawasha birika la umeme na kuipangusa santuri ya kwanza kwa kitambaa laini, akizungusha mkono taratibu kufuata mistari yake. Kisha aliketi mbele ya maikrofoni, akavuta pumzi, akabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Redio ya hospitali ya Skelbrough ilikuwa hewani.

"Habari za jioni nyote mlio wodini," alisema jioni ile. Sauti yake, ambayo kule kwenye chumba cha kufulia mashuka ilikuwa haivuki meza, humu ndani ilikuwa na utulivu. "Bi Doreen wa wodi ya nne ameomba ule wimbo wa harusi unaopigwa kila mahali. Bi Doreen, ule unaujua. Leo nakupa ndugu yake maskini. Waliuimba ndugu watatu wa Barrow mwaka sabini na moja, ukawekwa upande wa pili wa santuri, na karibu hakuna aliyeigeuza. Ni juu ya mwanamke anayengoja basi ambalo njia yake imeshafutwa. Kama unapenda ule wa harusi, jaribu..."

Mlango ukafunguliwa.

Aliingia mwanamume mwenye kitambulisho kifuani na futi ya chuma mkononi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Aliitazama, akamnyooshea Verity kiganja kama mtu anayempisha mwenzake ngazini.

"Endelea tu, usinijali," alinong'ona.

Akavuta ile futi kutoka ukutani hadi dirishani, ikalia kama zipu. Akaandika. Akapiga magoti kupima chini ya rafu za santuri, akipumua kwa shida. Verity alishusha sindano kwenye wimbo, akafunga maikrofoni.

"Samahani, unapima nini?"

"Viti vya magurudumu. Vinakaa kwenye korido na watu wa zimamoto wamelalamika." Akasimama, akajipangusa magoti. "Rudge, ofisi ya majengo. Hujapata barua?"

"Barua gani?"

"Basi itakuja. Chumba hiki kinakuwa stoo kuanzia Jumatatu."

Verity alitaka kusema mambo mengi. Alisema, "Lakini tuna wasikilizaji."

Bwana Rudge hakuwa mtu mbaya. Alitazama rafu, akatazama chai iliyokuwa inapoa. "Wangapi?"

"Sijui. Wengi."

"'Wengi' siwezi kuipeleka kikaoni, kipenzi. Tunakaa saa kumi na moja na nusu. Niletee majina na sahihi za watu wanaosikiliza, nami nitayaweka mezani. Siahidi kitu. Ila majina ni majina."

Alipoondoka, Verity alichagua santuri ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, akaiweka, akachukua kalamu na karatasi, akatoka mbio. Kwa miaka minne alikuwa akipita wodini kila mchana na vikaratasi vya maombi ya nyimbo, lakini hakuwahi kumwomba mtu jambo kwa ajili yake mwenyewe. Mlangoni pa wodi ya nne alisimama, akairudia sentensi yake mara mbili kimoyomoyo, ndipo akaingia.

Haikuwa kazi ngumu. Bi Doreen Haslam, aliyevunjika nyonga, aliisaini kabla hajaisoma. "Kuifunga? Wana wazimu hao? Wimbo wako wa jana ulinituliza kabisa, mwanangu. Leta hapa."

"Asante, Bi Doreen. Wa leo ni wa ndugu watatu wa Barrow, nitaurudia baadaye ukitaka..."

"Nitausikia, nitausikia. Nenda kwa yule wa dirishani, naye anaupenda."

Yule wa dirishani naye akasaini. Muuguzi aliyekuwa akipima presha akasaini. Mwanamume mwenye mrija puani akaonyesha dole gumba, akasaini kwa herufi zilizopinda. Kila mmoja alikuwa na neno zuri: unatuchangamsha, binti, una sauti nzuri, jioni bila wewe haiendi. Verity alihisi masikio yakimchoma kwa furaha na aibu.

Wa mwisho alikuwa Mzee Wilf Entwistle, fundi wa mabasi wa zamani. Sukari ilikuwa imemla mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuwa amepona wiki tano zilizopita, lakini hakuweza kwenda kwake mpaka halmashauri impanulie mlango wa choo, na halmashauri ilikuwa bado inatafuta fomu yake.

"Haya, mama wa bendi zilizokufa njaa," alisema. "Leo umetufufulia nani?"

"Mzee Wilf, wanataka kufunga redio. Nahitaji sahihi yako kwamba unasikiliza."

Tabasamu likamfutika. Alichukua karatasi, akayapitia majina yote taratibu, jina baada ya jina, kidole kikiteremka. Kalamu ilibaki hewani muda mrefu.

"Hii wanaipeleka wapi?"

"Kikaoni. Kwa wakubwa."

"Na wakubwa wataiamini?"

"Kwa nini wasiiamini?"

Alimtazama usoni, kisha akatazama dirisha. Akasaini. "Haya. Kimbia basi, utachelewa."

Majina yalikuwa thelathini na moja.

Ofisi ya majengo ilikuwa chini kabisa, karibu na mitungi ya gesi. Bwana Rudge aliipokea karatasi na kuinua nyusi. "Thelathini na moja! Kusema kweli nilitegemea wanne." Alionekana kufurahi. "Ngoja niambatanishe na faili lenu, lisije likarudishwa."

Alilitoa faili kabatini, jembamba, akafunua karatasi ya juu ili atoboe matundu. Akasita. Akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena.

"Keti, kipenzi."

"Nitasimama tu."

"Visikizio vile vya kando ya vitanda, wanavyosikilizia redio, waya zake zilikuwa za ile kampuni ya televisheni. Mkataba wao uliisha. Waliondoa televisheni zao, visikizio vikabaki, laini ya redio wakaikata pamoja. Wodi zote." Aligeuza karatasi ili naye aone. "Tarehe kumi na nane Machi."

Sasa ilikuwa Novemba.

Verity aliisoma tarehe ile. Kulikuwa na mhuri wa kampuni, sahihi ya fundi, sahihi ya mtu wa hospitali aliyekagua kazi na kuandika "safi".

"Si kweli," alisema. "Taa inawaka."

"Taa ni ya chumba chenu tu."

"Nani alitakiwa kuniambia?"

Bwana Rudge alifunua faili, akitafuta kweli. "Kampuni iliiarifu ofisi ya huduma za wagonjwa, hii hapa. Ofisi hiyo ikavunjwa Aprili, kazi zake zikaja kwetu. Sisi tukapokea faili, hii sahihi ya kupokea." Akaendelea kufunua, kisha akaacha. Kila karatasi ilikuwa na mahali pa kusaini, na kila mahali palikuwa pamesainiwa. "Inaelekea kila mtu alidhani umeshaambiwa."

Kisha akauliza, si kwa kejeli, bali kama mtu anayetaka kujua: "Sasa hawa thelathini na moja, wanasikiliza nini?"

Verity aliikumbuka miaka yake ya mwanzo. Siku hizo watu walimlalamikia. Mmoja alisema ngoma zile zimemtibua tumbo. Mwingine aliandika barua ya kurasa mbili kuomba afukuzwe, kwa kuwa hajui muziki. Tangu majira ya kuchipua hakuna aliyelalamika hata mara moja, naye alikuwa amejipongeza kimyakimya, akidhani hatimaye amejua kuchagua.

"Naomba karatasi yangu," alisema.

"Kikao..."

"Naomba tu."

Alipanda ngazi akiwa ameikunja kiganjani. Juu ya mlango wa studio taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Ndani, santuri ndefu ilikuwa imekwisha na sindano inakwaruza. Hakuingia. Aliendelea hadi wodi ya nne.

Mzee Wilf alimwona tangu mlangoni. Akaisukuma sahani yake ya viazi na samaki, hakuwa ameila.

"Umeshajua," alisema.

"Tangu lini, Mzee Wilf?"

"Mimi? Tangu siku ya kwanza. Niliweka vile vidude masikioni, kimya kama kaburi. Nikamwita sista. Akasema ameandika, fundi atakuja. Yule aliyekuwa kitanda hiki kabla yangu, Norris, ndiye aliyenipa maelekezo. Aliniambia: chakula cha Jumanne usikiguse, choo cha pili hakifungi, na akija yule binti na vikaratasi, mwambie wimbo wa jana ulikuwa mzuri." Alikuna kidevu. "Na Norris naye aliambiwa na mwenzake. Mimi nimewaambia hawa wote. Doreen nilimwambia mwenyewe."

Kitandani kwake, Bi Doreen alijifanya kusoma gazeti.

"Kwa nini?" Verity aliuliza.

"Ungeuona uso wako unapotuuliza juu ya wimbo, usingeniuliza kwa nini. Nani angekuambia? Tuliona ni jambo dogo. Neno moja la uongo kwa siku, halafu unaondoka unatembea kama mtu." Alishusha sauti. "Tulidhani tunakufanyia wema, mwanangu. Leo nilipoishika ile kalamu nilijua tumekuchimbia shimo. Nikasaini hivyo hivyo. Sikuweza kukuambia."

Verity alijaribu kusema asante. Ndilo neno lililomjia, kama linavyomjia akikanyagwa mguu. 

"Basi tuambie sasa," Mzee Wilf alisema, akipiga shuka kwa kiganja, akitafuta uchangamfu wake wa kawaida. "Huo wa leo ulikuwaje? Hao ndugu wa Barrow aliotutajia Doreen. Tuimbie kidogo. Haya! Wodi nzima iko masikio wazi."

Wote walimgeukia. Bi Doreen aliweka gazeti chini. Mwenye mrija puani alijiinua kwenye mto. Walikuwa na nyuso zilezile za wema walizokuwa nazo saa moja iliyopita, wakingoja wapate kitu cha kusifia.

"Sijui kuimba," Verity alisema.

"Sema tu basi, kama unavyosema redioni."

Alifungua mdomo. 

"Sikuwa nawafanyia ninyi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na muuguzi aliyekuwa anasukuma kigari cha dawa alikisimamisha ili asikie. "Watu wananiambia nina moyo, najitolea kwa wagonjwa, nami nakubali. Si kweli. Ninyi mlikuwa mnaumwa, mnataka kulala, mimi nawaletea nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba. Naishi peke yangu, Mzee Wilf. Nikitoka hapa Ijumaa sifungui mdomo mpaka Jumatatu. Nilikuwa nahitaji mtu anisikie. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, mtu anisikie."