Marehemu Anayekunywa Uji

Baba mdogo Laurian ni mtu wa misiba. Simsengenyi, ukoo mzima unajua. Akifa mtu kuanzia Ihanja hadi Ikungi, atakayesimamia maturubai, atakayesoma historia ya marehemu na atakayeongoza kikao cha ukoo baada ya matanga ni yeye. Amezika kaka zake wawili na kushughulikia mirathi yao, na karatasi zake zote zilipita mahakamani bila kurudishwa. Tangu hapo akajiona mwanasheria, na sisi tukamwamini.

Baba yangu, Antipasi Ntandu, alipigwa na kiharusi wakati wa kuvuna alizeti. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia nao ukalala, lakini akili ilibaki palepale. Ulimi tu ndio ulikuwa mzito, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikamtoa Ihanja nikamleta kwangu Mandewa ili awe karibu na hospitali. Mimi ni Evodia, mtoto wake pekee aliyebaki hai. Ni mjane, nashona nguo barazani kwangu.

Hata kitanda cha kwangu hajakizoea, ukaja wito kutoka baraza la ardhi. Philipo amefungua shauri. Huyo Philipo alifika kijijini na mke na mtoto mgongoni, hana hata pa kupanda uwele, na baba akamwazima shamba la bondeni. Alimwazima, hakumpa, na kila mavuno Philipo alileta mtama kidogo wa kushukuru. Sasa aliposikia mzee kalala, akaenda kudai kwamba shamba ni lake tangu zamani. Ndani ya shamba hilo kuna kaburi la mama yangu, na baba alikuwa akiniambia kila mara kwamba nimzike ubavuni mwa mkewe. Tukishindwa, mama atakuwa amelala kwa Philipo, na baba hatakuwa na pa kulala.

"Nenda wewe ukaseme," baba aliniambia siku ileile. "Mipaka unaijua. Waambie mimi ndiye niliyekutuma."

Tazama hapo. Mwenyewe alitamka kwa mdomo wake, kwa hiari yake. Angekuwepo mtu wa sheria chumbani siku ile, leo nisingekuwa na hadithi ya kusimulia.

Nilikwenda Ikungi. Karani wa baraza akasema siwezi kusema badala ya baba mpaka nilete karatasi ya kumwakilisha, kisha akaita mtu mwingine. Nikampigia simu baba mdogo.

"Hizo karatasi nazijua mimi," akasema. "Usihangaike, mwanangu. Wewe kaa na mgonjwa."

Jumapili iliyofuata aliita ukoo nyumbani kwa baba, Ihanja. Mimi sikuwepo, nilikuwa na mgonjwa kama nilivyoambiwa. Wakakaa, wakanichagua, wakaandika, wakasaini. Kesho yake baba mdogo akaja Mandewa amevaa lile shati lake jeupe la vikao. Akavuta stuli karibu na kitanda, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile anayosomea msibani.

"Muhtasari wa kikao cha ukoo wa marehemu Antipasi Ntandu, kilichoketi nyumbani kwa marehemu. Ajenda ya kwanza, kumteua msimamizi wa mali za marehemu..."

Baba alikuwa anakunywa uji, mimi nimemshikia kikombe. Akaacha kunywa.

"Nani marehemu?" akauliza.

"Ah, kaka, hiyo ni lugha ya serikali tu. Bila neno hilo hawapokei."

"Na nyama mlikula?"

"Tulichinja yule beberu mwekundu. Wazee hawakai bure, kaka, unajua mwenyewe."

"Nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako, ndiyo. Watu walijaa!"

Kwetu mali ya mtu aliye hai haikaliwi kikao. Hata mtoto anayechunga ndama analijua hilo. Ukikaa, ukachinja, ukagawana majukumu, umekiita kifo kije kimchukue mtu wake. Baba mdogo analijua kuliko sisi wote, lakini ujuaji ulishamziba masikio. Baba akageukia ukutani. Nilimsogezea kikombe, hakukitaka. Nikamkasirikia baba mdogo, nikakitua kikombe kwa kishindo, na uji ukamwagika kwenye shuka.

Nikaipeleka karatasi hivyohivyo, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Karani alisoma mstari wa kwanza, akavua kofia.

"Pole sana, dada. Mzee alifariki lini?"

"Hajafariki. Yuko nyumbani."

"Sasa mbona mmemfanyia mirathi?"

Akanielekeza kwa wakili mmoja mjini Singida, mama mwenye sauti ya upole anayeitwa Catherine. Huyo alinieleza taratibu, bila kunicheka.

"Ukoo hauwezi kutoa mamlaka ya mtu aliye hai. Ni mwenyewe tu, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu. Nitaiandika hati ya uwakilishi, nitamsomea. Akielewa na kukubali, ataweka dole gumba mbele yangu, wewe utasaini kwamba umepokea, mimi nitagonga muhuri. Na siku akifa, hati inakufa naye. Huo muhtasari wenu ndipo utakapotakiwa. Uweke kwanza."

Alikuja Mandewa na mkoba wake. Baba mdogo naye akatokea, hakuna aliyemwita. Wakili akatuomba sote wawili tutoke nje, kwa sababu alitaka mzee aseme bila kutazamwa usoni. Tukasimama barazani karibu na cherehani. Dirisha lilikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikashusha pumzi. Sauti ya baba ilikuwa safi kuliko siku zote.

"Naomba unitajie jina lako, mzee wangu."

"Marehemu."

"Nataka lile ulilopewa na wazazi."

"Muulize Laurian. Karatasi yangu anayo yeye."

"Na Evodia ni nani kwako?"

"Marehemu hana mtoto. Marehemu ana msimamizi."

"Mzee, unampa Evodia mamlaka ya kukuwakilisha kwenye shauri la shamba?"

"Shamba gani tena? Nyama ililiwa, watu wakashiba. Maiti hana cha kumpa mtu."

Wakili alijaribu tena taratibu, kwa njia nyingine, na baba akamjibu yaleyale. Alipotoka nje uso wake ulikuwa na huruma, na huruma ya mtu wa sheria inatisha.

"Ama akili haijatulia, ama hataki," akasema. "Yote mawili yananifunga mikono."

"Lakini dole si analo?" baba mdogo akadakia. "Akishalala tunalibonyeza kwenye wino. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," wakili akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Mimi nikamwambia baba mdogo maneno ambayo kwetu mwanamke hamwambii baba yake mdogo. Sijutii hata moja. Sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limekufa siku nyingi.

Siku ya shauri nilikwenda Ikungi mikono mitupu. Mwenyekiti aliniuliza nimesimama kwa mamlaka ya nani. Nikasema ya baba yangu. Akaomba hati. Nikasema sina, na Philipo akawa anatazama chini kwa adabu kama mtu aliye kanisani. Mwenyekiti akaahirisha kwa mara ya mwisho, akasema shauri likiitwa tena, aje mzee mwenyewe au mwenye hati halali, vinginevyo atasikiliza upande mmoja na kuamua.

Nje Philipo alinifuata.

"Mzee anaendeleaje? Mpe pole yangu. Na kaburi la mama usiwe na wasiwasi, dada Evodia. Nitakuwa nalima kwa kulizunguka." Akafikiri kidogo. "Ila trekta tu ndilo halina macho."

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikuwa ameshapanga msimu.

Nilimweleza baba yote. Sikumpunguzia hata neno, nilikuwa nimechoka. Akaniomba nimwinue, nimwekee mto mgongoni.

"Philipo kasema hivyo? Trekta?"

"Kasema hivyo, baba."

"Mwite yule wakili."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Halafu akaanza kunitajia mipaka kwa Kinyaturu, polepole, kwa ulimi wake mzito. Anzia kwenye minyaa ya pembeni mwa korongo, panda mpaka jiwe lenye ufa, pale pinda ufuate njia ya maji, ukutane na shamba la marehemu Emilian. Alitaja nani alishuhudia siku ya kumwazima Philipo, na nani kati yao bado yuko hai. Hakukosea hata mti mmoja. Akili yote ilikuwa pale, imekaa kitandani inanitazama.

"Wale wamenikosea," akasema mwishoni. "Lakini mama yako hakunikosea."

Nililia nikiwa nimeshika simu. Wakili akasema yuko mahakamani mpaka jioni, atakuja kesho asubuhi. Nikamwambia baba, akasema vema, akala ugali wote niliompa. Hata tulicheka, sikumbuki kwa sababu gani.

Asubuhi mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Alinitazama, akavuta sauti moja ndefu isiyo na neno ndani yake. Kiharusi kilikuwa kimerudi.

Wakili alitukuta wodini. Daktari alikuwa ameshasema la kusema. Hata hivyo Catherine akavuta kiti, akamsalimia baba, akamshika mkono.

"Mzee, sheria hailazimishi kusema kwa mdomo. Kama ni ndiyo, inamisha kichwa. Kama ni hapana, tikisa. Umenielewa?"

Baba akainamisha kichwa.

"Wewe ni Antipasi Ntandu?"

Akainamisha.

"Huyu ni mwanao, Evodia?"

Akainamisha.

"Unampa mamlaka asimame badala yako kwenye shauri la shamba la Ihanja?"

Akainamisha kwa nguvu, mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha wino. Wakili akaweka mkono wake juu ya wangu, akanizuia. Akamgeukia baba, akauliza kwa sauti ileile.

"Mzee, shamba hilo ni la Philipo?"

Baba akainamisha kwa nguvu, mara mbili.

"Baba, hapana," nikasema.

"Huyu binti ni mke wako?"

Akainamisha. Alikuwa anatabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki, ana hamu ya kutufurahisha, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji wake.

Wakili akarudisha karatasi kwenye mkoba, akaufunga, akabaki ameketi. Baba alikuwa ameunyoosha mkono wake wa kushoto juu ya shuka, dole gumba limesimama, ananitazama mimi, anasubiri wino.