Kengele Tatu za Mwalimu Anatolia

Mwalimu Anatolia aliisikia harufu ya pedi ya gemu kabla hajaiona. Ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cha meza alichokifuma kwa mkono wake, nayo ilinuka senene. Si harufu ile ya senene wanaotoka jikoni, inayomwita mtu hata akiwa ameshiba. Hii ilikuwa harufu ya mafuta yaliyoganda na mate ya mtu mzima. Katikati ya vitufe viwili ulikuwa umenasa mguu mmoja wa senene. Aliubana kwa ncha ya kanga, akautupa nje ya dirisha.

"Nyegera, Mama," mkwe wake alisema, kakaa kwenye kochi lake, akimkaribisha nyumbani kwake mwenyewe. "Umechelewa. Misa ilikuwa ndefu?"

"Tulikuwa na mkutano wa parokia," Anatolia alijibu. Macho yake yalikuwa kwenye pedi.

Kwa asiyejua, pedi ile ilikuwa ya mashine ya gemu, na mashine ile ilikuwa ya bibi huyu wa miaka sitini na mmoja. Mwanawe Kahigi aliiacha pale Rubya alipojinunulia mpya huko Mwanza. Mwanzoni Anatolia aliifunika kitambaa kama redio ya zamani, akaisahau. Kisha ikaja wiki moja ya mvua isiyokatika, kibanja hakiendeki, kahawa haianikiki, naye amestaafu ualimu wa shule ya msingi baada ya miaka thelathini na minane. Akaiwasha.

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa fisimaji mdogo. Dhoruba imevuma ziwani, imetawanya kengele mia na sitini za kijiji chao kwenye visiwa tisa, na yeye anazitafuta moja moja. Hakuna damu, hakuna bunduki, na anayetumbukia majini anaogelea tu akarudi nchi kavu. Mtoto wa chekechea angeweza kuucheza. Hadithi yenyewe mtu anaimaliza kwa siku tatu nne, kwa sababu haidai kengele zote. Anayetaka asilimia mia ndiye anayepata kazi, maana kengele zimefichwa chini ya maji, nyuma ya miamba, ndani ya mizinga ya nyuki, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki kamwe. Na wanasema akizipata zote kuna jambo linatokea mwishoni, mara moja tu.

Anatolia hakuwa na haraka. Kwa miaka miwili alichora ramani za visiwa vyote tisa kwa penseli kwenye kaunta buku, akaweka namba kila mahali alipopata kengele na alama ya kuuliza kila mahali alipopashuku. Kahigi alipomwambia kwa simu kwamba majibu yote yapo YouTube, kidogo amkatie simu. Alikuwa amewachapa watoto wa watu kwa kukopia tangu akiwa msichana. Angekopia vipi uzeeni? Kengele mia hamsini na saba alizipata kwa macho yake mwenyewe. Zilibaki tatu.

Sasa kwenye televisheni paliandikwa 160 kwa 160, na fisimaji amesimama juu ya mwamba, anapunga mkono.

"Nimekumalizia, Mama," Aristides alisema, akatabasamu.

Aristides aliuza simu mjini Bukoba na nyumba yake ilikuwa Bilele. Alifika Ijumaa na mchele, sukari, doti mbili za kitenge na ndoo ya senene wa kukaanga, kuja kumwomba mkewe arudi. Usiku alilala kwa Karugendo, mdogo wa marehemu mume wa Anatolia, kwa kuwa mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Mchana alikuja kukaa sebuleni kwa Anatolia, akila senene wake mwenyewe na kulamba vidole kimoja kimoja, kwa sauti.

Lilian, mkewe, alikuwa amerudi kwa mama yake wiki mbili kabla akiwa na begi moja. Anatolia alimhoji siku hiyo hiyo.

"Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Sijui. Sidhani."

"Sasa nini?"

"Ananimalizia, Mama."

"Anakumalizia nini?"

"Kila kitu. Nikianza sentensi, anaimalizia yeye. Nikisema nijifunze gari, ananitafutia dereva. Niliandika barua ya kuomba kazi ya chekechea kule Miembeni. Niliiacha mezani nikaifikirie. Niliporudi alikuwa ameshaiandika upya, ameiweka sahihi yangu, na ameipeleka shule nyingine iliyo karibu na duka lake. Akaniambia, nimekumalizia."

Anatolia alimwona mwanawe amedeka. Wenzake wanavimba macho, yeye analia kwa sababu mume amemwandikia barua! Akamwambia hivyo, tena bila kupunguza. Jumapili saa kumi Karugendo angekuja wakae kikao, na kila mtu, Lilian akiwemo, alijua neno la mwisho lingekuwa la Mwalimu, na neno lenyewe lilikuwa "rudi kwako".

Ndiyo Jumapili yenyewe hii, saa nane na nusu mchana.

"Umenimalizia," Anatolia alirudia.

"Mkwe haji ukweni kukaa bure, waitu," Aristides alisema, na inaelekea aliamini kwa moyo wake wote. "Wenzangu wakija wanalima kibanja. Mimi jembe silijui vizuri, nikasema ngoja nimlimie Mama huku. Nimeangalia kwenye simu, saa moja tu kazi imekwisha. Moja ilikuwa nyuma ya maporomoko ya kisiwa cha nne, pale pale ulipoweka alama ya kuuliza! Ulikuwa umeikaribia kweli, Mama. Hongera."

Ulipoweka alama ya kuuliza. Anatolia akageuza shingo. Kaunta buku lilikuwa wazi kwenye mkono wa kochi. Kwenye kisiwa cha nne, juu ya penseli yake, alama ya kuuliza ilikuwa imekatwa kwa kalamu ya wino na namba 158 imeandikwa kando, kubwa, imepinda. Kisiwa cha saba, vivyo hivyo. Cha tisa, vivyo hivyo. Na pembeni mwa ukurasa kulikuwa na dole gumba zima la mafuta, limepenya hadi karatasi ya nyuma.

Aliona kinyaa ambacho hakuwahi kukiona hata kwa watoto wa darasa la tatu waliomfutia kamasi kwenye sketi. Wale walikuwa watoto. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, mwenye duka, na alikuwa anangoja asifiwe.

"Na mwisho wake?" aliuliza.

"Mwisho upi, Mama?"

"Kengele zikitimia. Kuna kitu kinaonyeshwa."

"Aa, kile kivideo." Aristides alichokoa meno kwa ukucha. "Nilikiruka. Kilianza, zikalia lia kengele, akatokea fisimaji mwingine mkubwa, nikaona kitakuwa kirefu. Nikabonyeza. Lakini usijali, kipo YouTube, nitakuwekea sasa hivi."

"Usiniwekee."

"Dakika moja tu, Mama, nita..."

"Nimesema usiniwekee!"

Aliichukua pedi kwa kanga, akabonyeza huku na huku. Mchezo ule hujihifadhi wenyewe, na nafasi ya kuhifadhi ilikuwa moja. Fisimaji alizunguka kwenye visiwa visivyo na kitu tena, akapunga mkono, akapunga tena. Cha pekee alichoweza kuchagua kilikuwa kufuta yote na kuanza na sifuri. Anatolia akazima televisheni, akatoka nje, akanawa mikono kwa sabuni. Akanusa. Akanawa tena, na mara ya tatu, mpaka ngozi ikawa nyeupe kwenye vifundo.

Jikoni Lilian alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za jioni, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Amenimalizia," mama yake alisema akiwa mlangoni.

Kisu cha Lilian kikasimama. "Zile kengele?"

"Zote tatu. Na mwisho ameuruka. Na daftari langu ameliandika kwa wino."

Lilian hakucheka. Mtu mwingine angecheka, na Anatolia alikuwa amejiandaa kumgombeza.

"Alikuuliza kwanza?"

"Hakuniuliza."

"Haulizi," Lilian alisema. "Pole, Mama." Akaisema pole ile kwa uzito, kama anayempa mkono mfiwa, kisha akaendelea kumenya.

Anatolia alibaki amesimama. Alikuwa anaiona ile barua ya Miembeni, na sahihi ya mwanawe ambayo mwanawe hakuiweka. Wiki mbili alikuwa ameambiwa kwa Kiswahili chepesi cha kueleweka, naye hakuelewa mpaka alipoguswa yeye, tena kwa gemu. Aliona haya, na juu ya haya hiyo hasira ikampanda upya. Basi, alijiambia, kikao kije.

Karugendo alifika saa kumi kamili, amevaa koti. Alipewa kahawa ya kutafuna, akaweka punje mbili kinywani, akauliza habari za mvua na za mgomba ulioanguka, na alipoona heshima imetosha akaingia kwenye mambo. Alisema ndoa ni uvumilivu. Alisema mkwe ameonyesha adabu, amekuja mwenyewe, hakutuma mtu.

"Lilian naye anasikitika, Baba," Aristides alidakia. "Alichoka tu. Yeye mwenyewe anatamani nyumbani, ni vile anaona aibu kusema."

Lilian alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, anatazama magoti yake.

"Vizuri," Karugendo alisema. "Mwalimu, neno ni lako."

Neno alikuwa nalo. Harudi! Alilibeba tangu jikoni, moto, na alitamani kuona sura ya mkwe wake atakapolitupa mbele yake. Alifungua mdomo. Ndipo akamwona Lilian ameinamisha kichwa zaidi, kama mtu anayengoja kupigwa sindano, akaelewa kwamba mtoto wake alikuwa anangoja mtu mwingine amjibie. Rudi au harudi, kwake ilikuwa mamoja. Neno lingekuja kutoka juu, limekwisha kumaliziwa.

Mawe, mama yangu wee, Anatolia akasema moyoni.

"Mimi sina neno," akasema. "Mwulizeni mwenyewe."

Karugendo aliacha kutafuna. Halikuwa jambo alilolizoea. "Haya, Lilian. Unasemaje?"

"Mimi ningependa..." Lilian alianza.

"Angependa tuanze upya," Aristides alisema, "tena bila..."

"Aristides, nyamaza," Anatolia alisema. "Funga mdomo. Una senene kwenye meno."

Punje ya kahawa ilimpalia Karugendo, akakohoa mpaka machozi. Mama mkwe hamwambii mkwe wake hivyo. Aristides alifunika kinywa kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa kiganja kile kilikaa pale kilipowekwa.

Lilian alichukua muda. Alichukua muda mrefu mno, na Anatolia aliuma ulimi ili asimsaidie. Nje kuku walipita, pikipiki ikapita, Karugendo akajikuna shingo, bado Lilian anafikiri.

"Sirudi Bilele," akasema hatimaye.

Furaha ilimwendea Anatolia hadi puani. Hakumtazama mkwe wake, hakuona haja. Tayari alikuwa anapanga chumba cha nyuma, kitanda, pazia, na shule ya chekechea ya jirani ambako angekwenda kuongea na mwalimu mkuu kesho asubuhi.

"Na hapa pia sikai," Lilian aliendelea. "Felicitas niliyesoma naye chuoni ana chumba Miembeni. Nitakwenda kwake."

"Kwa nini, mwanangu?" Anatolia alisahau kuuma ulimi. "Hapa si kwenu? Mimi si nimekuachia useme?"

"Umeniachia leo, Mama." Lilian alimtazama usoni, bila ukali. "Siku Aristides alipokuja kuposa, Baba mdogo aliniuliza hapa hapa kama nimekubali. Nilikuwa nafikiri. Nilitaka kusema bado. Ukajibu wewe. Ukasema, 'Amekubali, ana haya tu.'"

Anatolia alikumbuka. Alikumbuka hata gauni alilovaa, na jinsi wageni walivyocheka, na vigelegele vilivyofuata, naye akajiona amemrahisishia mwanawe. Miaka yote minne ya ndoa ile aliisimulia siku hiyo kwa watu kama jambo jema alilomfanyia. Kile kinyaa cha mchana kilimrudia vilevile, ila sasa hakuwa na wa kumwangalia vibaya. Alitamani sana Lilian aishie hapo. Lakini Lilian alikuwa bado anaongea, polepole, akisimama kila baada ya maneno machache kutafuta linalofuata, na sebule nzima ilikuwa ikimngoja.