Mtindi wa Malarkodi

Walivua kandambili chini ya mlima, wakazikabidhi kwa muuza maua. Sornam alibeba nazi na kafuri. Mwanawe Marudhan alibeba wali wa ukwaju uliofungwa kwenye jani la mgomba. Vennila, ambaye Marudhan alikuwa amemwoa mwezi huohuo, alipewa maji ya kubeba, na asumini za nyweleni mwake zilikuwa zimeanza kunyauka kwa joto. Kila bibi harusi wa kijiji kile hupelekwa mlimani kwa mungu Murugan, na siku ile ilikuwa zamu yake.

Katikati ya ngazi kuna banda la mawe ambapo mahujaji hupumzika. Malarkodi, mke wa kwanza wa Marudhan aliyekufa mwaka juzi, alikuwa ameketi humo akigawa mtindi. Upindo wa sari yake ulikuwa bado unafuka moshi. Mwanamke mmoja wa mji wa Madurai alimwomba asogee kidogo kwa sababu moshi ulikuwa unamwingia mtoto machoni, naye akasogea.

Sornam alipokea kikombe, akaonja.

"Chumvi imezidi," alisema. "Hata kufa hakukukufunza kupika."

"Shikamoo, mama," Malarkodi alijibu, kisha akamgeukia Vennila. "Kaa, mdogo wangu. Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, dada."

"Baba yako ameahidi kuwapa nini?"

"Friji."

"Ameshaileta?"

"Amesema baada ya mavuno."

Malarkodi alimwongezea mtindi. "Wangu aliahidi pikipiki. Mvua ikakosekana, pikipiki haikuja. Basi mama huyu akaja jikoni nikiwa nakuna nazi, akanimwagia mafuta ya taa. Polisi waliambiwa jiko limelipuka."

Vennila alimtazama mama mkwe wake, akingoja akane. Sornam alikuwa anafuta vumbi kwenye nazi.

"Huyu anapenda kusimulia," alisema. "Kunywa upesi, jua linapanda."

Vennila aliweka kikombe chini. Alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni," alisema Marudhan.

"Alikuwa ameushikilia," Malarkodi alieleza. "Kwa nje."

"Komeo lilikuwa bovu," alisema Marudhan.

Yule mwanamke wa Madurai alirudisha kikombe na kushukuru. Alisema kwao pia yuko mmoja, shangazi yake, hukaa karibu na kisima.

"Dada, nifanye nini?" Vennila alinong'ona.

Malarkodi alifikiri. "Sijui," alisema. "Mimi nilikufa."

Vennila alisema anataka kurudi kwao. Sornam alimwambia kwamba baba yake ndiye aliyepiga simu jana kuuliza mbona binti yake hajapelekwa mlimani. Wakaendelea kupanda.

Nyuma ya hekalu kuna mwamba mtupu ambao watu huufuata kutoka mbali. Ukiuegemea wakati kuhani anazungusha taa, joto hupanda uti wa mgongo, na wengine huinuka shibiri moja kutoka ardhini. Kuhani huwaomba wasimwage majivu yake matakatifu wakati wa kushuka.

Vennila aliegemea, akafumba macho, akamwomba Murugan aseme analolijua. Mwamba ulimchoma mgongo, lakini nyayo zake hazikubanduka. Alipofumbua macho, Sornam alikuwa juu, amepita vichwa vya watu, viganja vimekutana, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Marudhan alikuwa ameshika pindo la sari ya mama yake ili upepo usiipeperushe.

Kisa cha Malarkodi alikuwa amekisikiliza bila kulia. Sasa meno yake yaligongana juani. Alimwendea kuhani.

"Yule mama alimchoma mtu," alisema.

Kuhani alitazama juu, kiganja kimejaa majivu.

"Ndiyo, mkwewe," alisema. "Si ndiye anayetugawia mtindi pale chini? Lakini mama huyu Murugan anampenda sana. Mwaka jana hakufika hata nusu ya hapo."

Watu walikuwa wameshapanga foleni kugusa nyayo za Sornam.

"Tangulia wewe," Marudhan alimwambia mkewe. "Wewe ni wa nyumbani."

Vennila alinyoosha mikono, akazigusa. Zilikuwa laini, za baridi. Mkono wa Sornam ukashuka kutoka juu, ukatulia kichwani pake.

"Uzae wa kiume," Sornam alisema.

Nyuma yake yule mwanamke wa Madurai alikuwa amempakata mtoto.

"Sogea basi, binti," alisema. "Na sisi tupate."

Vennila akasogea.