Maksai Aliyebaki Iringa

Nimechuma chai Mufindi, nimechimba dhahabu Chunya, nimebeba mataruma ya reli ya Wachina, na kote huko sikukaa nikapanda hata mgomba. Mwaka sabini na tano nilikuwa nimechoka kuhama. Nkuba, Msukuma mwenye mashamba ya mpunga Rujewa, akaniambia, "Mzee Anania, maksai wangu mmoja amekufa. Lete wa pili kabla ya mvua tulime pamoja, nami nikupe majaruba matatu ya mpunga ukae." Mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa nikae mahali.

Mwezi wa nane nikanunua maksai mnadani Iringa. Mwekundu, mgongo mpana, plau anaijua. Dalali akanipa karatasi ya mauzo, chapa ya ng'ombe imeandikwa. Siku ileile tukatangaziwa kwamba njia ya Mbeya imefungwa kwa ng'ombe, karantini. Yule aliyemuuza, Gideoni, akasema, "Niachie nyumbani kwangu, ndugu. Njia ikifunguliwa uniandikie, nitakuletea mpaka barabarani." Tukapeana mikono.

Mwezi wa kumi njia ikafunguliwa. Nikaandika. Kimya. Nikaandika ya pili, nikaipeleka mwenyewe posta Chimala ili nisije nikasingizia kwamba ilipotea. Kimya. Ya tatu niliiandika kwa hasira hata kalamu ikatoboa karatasi. Kila basi la kutoka Iringa likisimama nilikuwa pale, namuuliza utingo kama hajapewa salamu zangu. Usingizi ukanihama.

Magesa, jirani wa Nkuba, alinicheka mbele ya watu. "Mzee, huyo ng'ombe wako wa karatasi anakula nini? Wino?" Yeye maksai alikuwa naye, na yale majaruba alikuwa anayatamani.

Mawingu yalipoanza kukaa juu ya milima nikapanda lori la mchele kwenda Iringa.

Kwa Gideoni nikakuta kuta tupu. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huko nikamkuta mke wake, Tekla, anachambua maharage.

"Kamwene, mama. Mimi ni yule wa maksai."

Akaacha kuchambua, akageukia mlangoni. "Baba Juliana! Toka nje! Barua imekuja na miguu!"

Gideoni akatoka. Hakukimbia, hilo namsifu.

"Barua zako zote ninazo, ndugu."

"Mbona hujibu?"

"Kusoma sijui. Hapa anayesoma ni katibu wa kijiji."

"Si angekusomea?"

"Ndiyo shida yenyewe. Tulipohamia waliandikisha ng'ombe wa kulima shamba la kijiji. Mimi niliona aibu kuja mikono mitupu, nikamwandikisha wako. Katibu akisoma tu, kijiji kizima kinajua."

"Sasa ulitegemea nini?"

"Kwamba utachoka."

"Mtu asiyejibiwa hachoki, bwana. Anakosa usingizi tu."

Nikaenda naye kwa katibu, Didas. Akasoma karatasi ya mnada, akaenda kutazama chapa kwenye paja la ng'ombe, akarudi. "Gideoni, umetulimishia ng'ombe wa mtu?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Na alivyokuwa akimsifu kama alimzaa yeye!"

"Ni wako, mzee," Didas akasema. "Ila tumebakiza ekari mbili, na mwenzake hawezi kuvuta peke yake. Tuazime siku mbili."

Nilitazama mawingu, nikapiga hesabu ya mwendo. Walikuwa wamemlisha tangu kiangazi, tena amenenepa. "Siku moja na nusu," nikasema, "na plau nashika mimi."

Gideoni aliongoza ng'ombe mbele, mimi nyuma, mpaka tukamaliza.

Kutoka pale tulitembea siku tisa, mimi na maksai. Makambako mvua ikatukuta. Sikusubiri ikatike.

Rujewa nikamkuta Nkuba kwenye tope, Magesa nyuma ya plau, na maksai wa Magesa amefungwa nira moja na wa Nkuba.

"Mzee! Tulisema umerudi Chunya."

"Nilimfuata maksai Iringa."

"Wiki mbili! Ungetuma hata neno moja. Iringa posta hakuna? Mimi ningejuaje?"

Gideoni nilimwandikia barua tatu. Nkuba sikumwandikia hata mstari.

"Majaruba nimeshampa Magesa," akasema, kwa upole. Afadhali angefoka.

Nikamtazama maksai wa Magesa. Hata saa tatu haijafika, ulimi nje, povu linadondoka.

"Huyo atafika jioni?"

"Atafika," Magesa akajibu haraka.

"Wangu ametembea siku tisa, na bado ananivuta kamba."

Nkuba akamzunguka maksai wangu, akambonyeza bega, akamwinua kwato. Hakuwa na haraka, na mimi nilishindwa kutulia mahali pamoja.

"Magesa, mfungue huyo apumzike," akasema. "Tumwone wa mzee mpaka saa sita. Habari ya majaruba tutaongea baadaye."

Magesa akasonya, akafungua nira. Nikaingia kwenye tope na viatu vyangu.